Nyumba Njema Si Mlango: Weusi wa Marekani na Vita Baridi

Mazungumzo haya niliyatoa Jumamosi iliyopita mjini Tanga, mbele ya walimu wa historia, wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, na wazazi waliofuatana nao. Waliokosa nafasi waliniomba niyaandike yote. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Shikamooni wazee wangu. Walimu wenzangu, habari za asubuhi. Wanangu wanafunzi, nawaona mmejaa mpaka madirishani, ahsanteni sana kwa kuja siku ya mapumziko.

Nianze na basi.

Usiku wa tarehe 12 Februari 1946, sajenti mmoja mweusi wa jeshi la Marekani, Isaac Woodard, alikuwa safarini kurudi kwa mkewe. Alikuwa ametoka kupigana na Wajapani huko Pasifiki. Siku ile ile jeshi lilikuwa limemwachia kwa heshima katika kambi ya Camp Gordon, jimbo la Georgia, na mwilini bado alikuwa na sare. Njiani alimwomba dereva asimame kidogo akajisaidie. Dereva akamjibu vibaya, naye akajibu kama anavyojibu mwanamume aliyetoka vitani. Basi lilipofika mji mdogo wa Batesburg, jimbo la South Carolina, dereva alishuka akaita polisi. Wakamteremsha, wakampiga, na mkuu wa polisi akamtumbua macho kwa kirungu. Kulipokucha Woodard alikuwa haoni. Kipofu hivyo hivyo, wakampeleka kwa hakimu, akatozwa faini ya dola 50.

Alikuwa na saa chache tu tangu avuliwe mzigo wa kuilinda nchi yake.

Kesi ya yule mkuu wa polisi ilisikilizwa na wazee wa baraza weupe watupu. Walishauriana nusu saa hivi tu. Wakamwachia.

Mnaniuliza: mwalimu, tumekuja kusikia habari za Vita Baridi, ule ushindani wa Marekani na Urusi ya kikomunisti baada ya Vita vya Pili, basi hili linaingiaje? Linaingia hivi. Septemba ya mwaka ule, Rais Harry Truman alisimuliwa kisa hicho na Walter White, kiongozi wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi. Truman mwenyewe alikuwa mtoto wa nyumba iliyowapenda wabaguzi wa Kusini, lakini na yeye alikuwa askari wa zamani. Kisa kile kilimshtua. Desemba 1946 akaunda kamati ya kuchunguza haki za raia. Miezi mitatu baadaye, tarehe 12 Machi 1947, rais yule yule akasimama mbele ya Bunge lake akaomba dola milioni 400 za kuzisaidia Ugiriki na Uturuki zisiangukie kwa wakomunisti, akitangaza kwamba kazi ya Marekani ni kuwasaidia watu huru popote walipo.

Miezi mitatu tu! Rais mmoja, ofisi moja. Halafu sisi walimu tunafanya nini? Vita Baridi tunaiweka sura yake, na weusi wa Marekani tunawaweka sura yao, kana kwamba mambo haya yalitokea kwenye sayari mbili. Mimi mwenyewe nimefundisha hivyo kwa miaka mingi, na leo nimekuja kusema nilikosea. Ni habari moja. Marekani ilitoka nje ikauambia ulimwengu, njooni kwangu, mimi ndiye nyumba ya uhuru. Na wahenga wetu walishasema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ulimwengu ulipofungua ulimkuta Woodard.

Wala msidhani wakubwa wa Washington hawakulijua hilo. Kamati ya Truman ilitoa ripoti Oktoba 1947, na ilisema waziwazi kwamba Marekani haina nguvu kiasi cha kupuuza ulimwengu unavyoifikiria. Julai 1948 Truman akaamuru ubaguzi ukomeshwe jeshini. Desemba 1952 kesi ya shule za kibaguzi ilipokuwa Mahakama Kuu, serikali yenyewe iliandika kuwaambia majaji kwamba ubaguzi unawapa wakomunisti unga wa kusaga katika kinu chao cha propaganda. Nao Warusi hawakuhitaji kutunga uongo. Walichukua magazeti ya Marekani, wakayasoma kwa sauti.

Tarehe 17 Mei 1954 majaji wote tisa wakasema kutenganisha watoto shuleni kwa rangi ni kuvunja katiba. Sauti ya Amerika ikazitangaza habari hizo nje ya nchi ndani ya saa moja. Hebu fikirini: mtoto mweusi wa Mississippi hajapata dawati, lakini msikilizaji wa Warsaw ameshajulishwa kwamba dawati lipo. (Wakili aliyeshinda kesi ile ni Thurgood Marshall. Ndugu zetu Wakenya wamjue: mapema mwaka 1960 alikuwa Lancaster House, London, akiwasaidia akina Tom Mboya kuandika ulinzi wa haki za binadamu katika katiba yao.)

Lakini naomba nisimame kidogo, kwa sababu kuna watu Vita Baridi iliwanyonga, na tusipowataja tutakuwa tumedanganya.

Paul Robeson alikuwa mwimbaji mwenye sauti nzito ya kutikisa ukumbi, mwigizaji, mwanasheria, na mtu aliyekwenda London akasoma lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Aliwapenda Warusi, na katika hilo nadhani alifumba macho kwa mengi ambayo Stalin alikuwa akiwatendea watu wake. Lakini sikilizeni alichofanyiwa. Mwaka 1950 serikali ilimnyang'anya pasipoti. Alipokwenda mahakamani kuidai, moja ya sababu ambazo Wizara ya Mambo ya Nje iliziandika ni kwamba Robeson amekuwa mstari wa mbele kwa miaka mingi kupigania uhuru wa watu wa makoloni ya Afrika. Kosa lake lilikuwa sisi! Wakati TANU haijazaliwa, kuna mtu kafungiwa mlango kule ng'ambo kwa ajili yetu.

Mei 1952 alikwenda mpaka wa Marekani na Kanada, akapanda juu ya lori lililoegeshwa upande wa Marekani, akawaimbia maelfu waliokusanyika upande wa pili. Mwaka 1957 aliwaimbia watu wa London kwa waya wa simu uliopita chini ya bahari. Pasipoti aliipata mwaka 1958, baada ya miaka minane. Naye W. E. B. Du Bois, msomi mweusi na mtetezi wa haki, mzee wa miaka 82, alipelekwa mahakamani mwaka 1951 akitiwa shaka kuwa wakala wa nchi ya kigeni kwa sababu ya kukusanya saini za kupinga bomu la nyuklia. Kesi ilianguka, lakini marafiki walikwisha kimbia. Alifia Accra mwaka 1963.

Kwa hiyo mashindano yale yalikuwa na mikono miwili. Mmoja ulifungua mlango kwa sababu wageni wanatazama. Mwingine uliwaziba midomo wenye nyumba waliokuwa wakiwaeleza wageni kilichomo ndani.

Sasa twende Little Rock, jimbo la Arkansas. Tarehe 4 Septemba 1957. Wanafunzi tisa weusi walikuwa waanze shule ya Central High. Usiku wa kuamkia siku hiyo walipigiwa simu wakutane waende pamoja. Nyumbani kwa Elizabeth Eckford hapakuwa na simu. Hakujua. Akaamka, akavaa gauni jeupe alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo, akaweka miwani ya jua, akakumbatia daftari lake, akapanda basi peke yake. Ana miaka 15. Wanangu, wangapi hapa mna miaka 15, 16, 17? Akafika, akawaona askari wa jimbo. Akadhani wamekuja kumlinda. Askari wakamfungia njia. Nyuma yake umati wa weupe unapiga kelele za kumtaka anyongwe. Akageuka, akatembea mpaka kwenye benchi la kituo cha basi, akakaa.

Ile picha mliyoiona sasa hivi, ya msichana mwenye miwani na nyuma yake mwanamke kijana mweupe kafunua kinywa kwa hasira, ilizunguka dunia nzima. Wiki tatu baadaye Rais Eisenhower, ambaye moyo wake haukuwa katika jambo hili, alipeleka askari wa miamvuli wa Divisheni ya 101, wale waliorushwa Normandy kupigana na Wanazi, wakawasindikize watoto tisa darasani. Na alipowahutubia wananchi usiku wa tarehe 24 Septemba aliwaambia kwamba maadui zetu wanasherehekea tukio hili. Maadui! Hofu ya Moscow ilifanya ambalo machozi ya Elizabeth hayakulifanya.

Siku kumi baadaye, tarehe 4 Oktoba, Warusi wakarusha Sputnik, tufe la kilo 83 likizunguka dunia na kulia kama kifaranga. Wamarekani wakaingiwa na hofu kwamba watoto wao wamebaki nyuma kwa hisabati na sayansi. Mwaka 1958 Bunge likapitisha sheria ya kumwaga fedha katika elimu, pamoja na lugha za kigeni, na moja ya lugha zilizofunguliwa madarasa katika vyuo vikuu vya Marekani kwa fedha hizo ni Kiswahili. Ndiyo, hiki hiki ninachokisema. Na Little Rock? Mwaka ule ule wa 1958 gavana alizifunga shule zote za sekondari za mji ule, mwaka mzima, kuliko weusi wasome na weupe.

Ukija mwaka 1960 mambo yanageuka kwa kasi, maana mataifa 17 ya Afrika yanapata uhuru ndani ya mwaka mmoja. Kila taifa lina kiti Umoja wa Mataifa, New York. Kila taifa lina balozi Washington. Na kati ya New York na Washington kuna barabara, nayo inapita Maryland, Barabara ya 40, na kando ya barabara hiyo migahawa haiuzi chakula kwa mtu mweusi akaketi.

Mwaka 1961 balozi wa Chad, Adam Malick Sow, alikuwa njiani kwenda kupeleka hati zake kwa Rais Kennedy. Akasimama apate kahawa. Akafukuzwa. Mwenye mgahawa baadaye aliwaambia waandishi kwamba yeye alimwona mtu mweusi wa kawaida tu, angejuaje kama ni balozi? Nataka mlisikie jibu hilo vizuri. Mwanamke yule hakuona haja ya kuomba radhi kwa kumfukuza mtu. Alijitetea kwa kutomtambua mkubwa. Na Kennedy? Msaidizi wake Harris Wofford alisimulia kwamba rais, akiwa amechoshwa na malalamiko, aliuliza kwa nini mabalozi hao wasiambiwe wapande ndege.

Basi gazeti la weusi la Baltimore, Afro-American, likawa na wazo. Agosti 1961 waandishi wake watatu waliazima majoho, mmoja akavaa kofia ndefu ya kiungwana, wakakodi gari refu, wakateremka Barabara ya 40 wakijifanya ujumbe kutoka nchi ya Goban. Goban haipo katika ramani yoyote. Wakaingia migahawani wakijitia Kiingereza hawakijui vizuri. Na baadhi ya migahawa ambayo jana yake ingewafukuza iliwakaribisha, ikawawekea meza, ikawahudumia kwa taadhima. Watu wale wale! Ngozi ile ile! Wamezaliwa Marekani, baba zao wamezaliwa Marekani, na ili wapewe sahani ya chakula katika nchi yao walilazimika kuigiza ugeni.

Ningependa kila mwalimu hapa akirudi darasani asianze Vita Baridi kwa ramani ya Berlin. Aanze kwa Goban.

Miaka miwili mbele. Mei 1963, Birmingham, jimbo la Alabama. Watoto wa shule wanatoka kanisani wakiimba, wawili wawili, mamia kwa mamia, na mkuu wa usalama wa mji, Bull Connor, anawaachia mbwa na mabomba ya zimamoto, maji yenye nguvu ya kubandua magome ya mti. Na wakati huo huo, Addis Ababa, marais wa Afrika wamekutana kuunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Mwalimu Nyerere yumo, Nkrumah yumo. Waziri Mkuu wa Uganda, Milton Obote, akamwandikia Kennedy barua ya wazi kulaani mbwa wale na maji yale. Mkutano ukapitisha azimio la kuonyesha wasiwasi wake juu ya ubaguzi Marekani. Tarehe 11 Juni Kennedy akasimama mbele ya televisheni akasema neno ambalo hakuna rais aliyelisema kwa uzito ule kabla yake: kwamba tunapowapeleka vijana Vietnam au Berlin Magharibi hatuchagui weupe peke yao. Sheria ya Haki za Kiraia ikatiwa saini Julai 1964, Kennedy akiwa kaburini, na ya haki ya kupiga kura Agosti 1965.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo sijalisahau. Alisema, mwalimu, kwa hiyo Warusi ndio waliowakomboa weusi wa Marekani?

Hapana, mwanangu. Hapana, hapana. Macho ya dunia hayakujifungua yenyewe; kuna waliosimama mbele yake. Elizabeth alitembea peke yake. Watoto wa Birmingham walijua mbwa wako pale, na walikwenda. Wamarekani weusi walielewa kwamba serikali yao inaona haya mbele za watu, basi wakayatoa mateso yao uani, wakayaleta barazani ambako kila jirani anaona. Malcolm X, mmoja wa viongozi wakali wa weusi wa Marekani, alilielewa hilo kabisa: Julai 1964 alikwenda Cairo kuwaomba marais wa Afrika waishtaki Marekani Umoja wa Mataifa, Oktoba akaja Dar es Salaam kuonana na Mwalimu, na Desemba Abdulrahman Babu wetu wa Zanzibar alisimama naye jukwaani Harlem, mtaa wa weusi mjini New York.

Lakini baraza si nyumba nzima. Na hapa, walimu wenzangu, ndipo penye uzito wa yote niliyokuja kusema.

Julai 1959 Wamarekani walipeleka maonyesho Moscow. Walijenga nyumba, wakaipasua katikati ili Warusi wapite waone ndani: jiko la umeme, mashine ya kufulia. Makamu wa Rais Nixon akasimama na Khrushchev, kiongozi wa Warusi, mbele ya jiko lile wakabishana, na Nixon akasema nyumba kama ile ni dola 14,000, na kwamba askari wengi waliopigana Vita vya Pili wanaweza kuinunua.

Askari wengi waliopigana. Je, Woodard yumo?

Ni kweli sheria ya 1944 iliwapa wapiganaji wote mikopo ya nyumba na karo za vyuo. Haikuandika rangi. Lakini mkopo ulitolewa na benki, na benki zilikuwa za weupe. Katika miji 13 ya Mississippi, mwaka 1947, mikopo 3,229 ya nyumba, biashara na mashamba ilitolewa kwa askari wa zamani kwa dhamana ya serikali. Weusi walipata miwili. Sikukosea kusoma. Miwili. Levittown, mji mpya wa nyumba zaidi ya 17,000 uliojengwa karibu na New York kuanzia 1947 kwa ajili hasa ya askari waliorudi, ulikuwa na mikataba iliyokataza wasio weupe kuishi humo, na chombo cha serikali kilichodhamini mikopo ya nyumba kiliukubali ubaguzi huo. Nyumba ndiyo akiba ya Mmarekani wa kawaida. Ndiyo karo ya mtoto, ndiyo urithi wa mjukuu. Aliyeipata mwaka 1950 wajukuu wake wanaila mpaka leo. Aliyeikosa, wajukuu wake wanapanga chumba.

Hakuna balozi wa Chad aliyekwenda kuomba mkopo wa nyumba Mississippi. Hakuna kamera iliyoingia ofisini kwa meneja wa benki. Kiti cha mgahawani kilionekana kutoka Accra na Moscow, kikafunguliwa. Hati ya nyumba haikuonekana.

Martin Luther King, mchungaji aliyeongoza harakati za haki za weusi, aliliona hili, na aliliona kwa uchungu. Tarehe 4 Aprili 1967, katika kanisa la Riverside, New York, aliinuka akasema tunawapeleka vijana weusi maili elfu nane kulinda uhuru ambao hawajaupata kwao. Kwamba mweupe na mweusi wanachoma kijiji kimoja pamoja huko Vietnam lakini hawawezi kuishi mtaa mmoja Detroit. Kwamba fedha za kuwaondoa watu katika umaskini zinaishia katika mabomu. Alipomkosoa mzungu wa Alabama, Washington ilimpigia makofi. Alipoigusa vita yenyewe, magazeti makubwa yakamgeuka, Rais Johnson akamgeuka, hata baadhi ya viongozi weusi wakamwambia abaki na mambo yake. Miezi mitatu baadaye Detroit iliwaka moto, watu 43 wakafa. Mwaka mmoja kamili baada ya hotuba ile, siku ile ile ya tarehe 4 Aprili, King akapigwa risasi Memphis. Ndipo Bunge, miji zaidi ya 100 ikiwa katika ghasia, likapitisha sheria ya kuzuia ubaguzi katika nyumba. Johnson aliitia saini tarehe 11 Aprili 1968. Ilikuwa miaka 24 baada ya ile ya mikopo. Bei za Levittown zilikuwa zimeshapanda.

Nimrudie yule niliyemwacha kwenye basi. Isaac Woodard alihamia New York, akaishi humo gizani miaka 46, akafa 1992 katika hospitali ya askari wa zamani. Mwaka 2018 mahakama ya mji ule mdogo ilifuta hukumu yake, ile ya faini ya dola 50. Mwaka uliofuata, Februari 2019, wakasimamisha kibao cha kumbukumbu karibu na mahali alipoteremshwa. Kibao ni cha chuma, kimeandikwa pande zote mbili, na sehemu yake ya chini kimewekwa maandishi ya nukta nundu, ili kipofu akifika pale ainamishe mkono, aguse, asome.